Kidole Gumba cha Siwema

Kabla sijaanza naomba radhi: sitaitaja nchi yetu kwa jina. Si kwamba naogopa. Niliomba kibali cha kuitaja, barua yangu ikapokelewa, ikagongwa muhuri, nikajibiwa kwamba inashughulikiwa. Huu ni mwaka wa tatu inashughulikiwa, na mimi si mtu wa kuwasumbua watu walioko kazini. Jueni tu kwamba ni nchi nzuri, yenye wimbo, bendera na Wizara ya Elimu na Utayari, na hiyo Wizara ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Naitwa Mwalimu Likoko. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika Shule ya Msingi Kilimahuru. Kwa asiyekijua cheo hicho, jambo likienda vizuri ni la Mwalimu Mkuu, likiharibika ni la taaluma. Naandika ili kukata uvumi uliozagaa kwamba shuleni kwetu kuna mtoto amepotea na walimu tunajua alipo. Tangazo la Wizara linasema amepotea, na tangazo la Wizara nalipokea kwa mikono miwili. Ila jana asubuhi nilimwona, tukasalimiana.

*

Mwaka ule watoto wetu walianguka mtihani wa darasa la saba kwa namna ambayo hata magazeti ya serikali yalikosa neno zuri la kuieleza. Mheshimiwa Waziri akalihutubia taifa kwa saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtoto hafeli. Mtoto huchelewa kufaulu. Nimefanya utafiti, nimetembelea nchi tisa, nimelala katika hoteli za kila daraja, na nimegundua kinachomchelewesha. Ni karatasi. Karatasi haiongei. Karatasi haimjui mtoto. Kuanzia leo mtoto wetu atajiandaa na mtihani kwa njia ya mtandao, na mtandao utamwita mwanangu."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mfumo wa Fanaka. Ndani yake mlikuwa na maswali elfu kumi na moja ya kujipima, na yote yalisomwa kwa sauti ya Mheshimiwa Waziri mwenyewe, ambaye alijifungia studio wiki sita kwa kazi hiyo, nchi ikajiendesha yenyewe na wala haikuona tofauti. Ukijibu sawa, Waziri anakwambia, "Hongera, mwanangu." Ukikosea anakwambia, "Bado kidogo, taifa linakusubiri." Na mtihani wenyewe wa mwisho ungefanyika humo humo, matokeo yatoke papo hapo.

Mfumo ulikuja na sera yake, iliyoandikwa kwa rangi nyekundu katika ukuta wa kila shule: KILA MTOTO NA KISHIKWAMBI CHAKE. Sisi Kilimahuru tuliandika mapema kuliko shule zote za wilaya. Rangi ilitubakia tukapaka na choo.

*

Vishikwambi vililetwa na Bwana Fungameza, Afisa Utayari wa Wilaya. Alishuka garini na boksi moja, akatia saini, akatutaka na sisi tutie saini, akafungua. Ndani mlikuwa na kishikwambi kimoja, chaja yake, na picha ya Waziri akiwa ameshika kishikwambi.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Tindwa, akakohoa kwa adabu. "Mheshimiwa, darasa la saba wapo sitini na watatu."

"Mmepokea vishikwambi vingapi?" Bwana Fungameza aliuliza.

"Kimoja, mheshimiwa."

"Na sera inasemaje?"

"Kila mtoto na kishikwambi chake."

"Haya. Basi mna watoto wangapi?"

Mwalimu Tindwa alitazama dari, akatazama boksi. Ni mtu mwepesi wa kuelewa, na ndiyo sababu yeye ni mkuu na mimi ni taaluma. "Mmoja, mheshimiwa."

"Utekelezaji asilimia mia," Bwana Fungameza akaandika, na akatupa mkono wa pongezi. Wale sitini na wawili waliobaki hakuwaacha hivi hivi, maana ni mtu mwenye huruma. Aliwaandika kwenye safu ya pembeni iliyoitwa Matarajio.

Mimi niliona kasoro ndogo katika hesabu hiyo, na niliisema nyumbani kwangu, kwa mke wangu, mlango ukiwa umefungwa.

*

Kishikwambi kilitaka uso mmoja na kidole gumba kimoja. Kikishakariri kidole hicho, hakifunguki kwa kingine mpaka mwisho wa dunia au mwisho wa mradi. Mwalimu Tindwa alimchukua mtoto wa karibu, aliyekaa dawati la mbele kwa kuwa macho yake hayafiki ubaoni akikaa nyuma. Huyo alikuwa Siwema Ngulumbi.

Siwema hakuwa mtoto wa kutajwa kwenye kikao cha wazazi, si kwa sifa wala kwa lawama. Darasani alikuwa wa ishirini na tisa, akiamka vizuri wa ishirini na tano. Akinyoosha mkono huunyoosha nusu, ili akikosea aseme alikuwa anajikuna. Mama yake alikuwa anafyatua matofali kule bondeni, na Siwema alikuwa akimsaidia kuyageuza juani kila akitoka shule. Basi. Kwa sekunde kumi za uso na kidole, huyo ndiye akawa shule nzima.

"Na hawa wengine watajiandaa na nini?" nilimuuliza Mwalimu Mkuu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Likoko," alisema. "Watajiandaa pamoja, kama ambavyo wamekuwa wakijibu siku zote."

Kila aliyesoma katika nchi yetu anajua tunavyojibu. Mwalimu huuliza, na darasa huitika kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba, asiyejua akimfuata anayejua kwa nyuma kidogo kiasi kwamba huwezi kumkamata. Tukafanya hivyo hivyo. Waziri alisoma swali, watoto walibishana, Anzuruni mtoto wa muuza mkaa akakokotoa hesabu kichwani, mabinti wa nyuma wakakumbuka tarehe za historia, nami nikasema, "Darasa, jibu?"

"Ceeee," waliitika sitini na wawili.

Siwema akabonyeza C.

"Hongera, mwanangu," alisema Waziri.

Kwa miezi minne tulifanya hivyo asubuhi na mchana. Chombo hakikuwa na njia ya kujua kwamba kilikuwa kinazungumza na kijiji. Kilijua kina mtoto mmoja, mwenye uso mmoja, asiyechoka, asiyesahau, anayejua hesabu za Anzuruni na historia ya mabinti wa nyuma na sayansi ya mtoto wa mganga. Mwezi wa tano Wizara ikatangaza kwamba Siwema Ngulumbi wa Kilimahuru ndiye mtoto mwenye akili kuliko wote nchini. Alikuwa anapata mia kwa mia.

"Mtoto huyu," Waziri alisema redioni, "hukokotoa kama mfanyabiashara na husimulia historia kama mtu aliyekuwapo. Huu ndio ushahidi kwamba kishikwambi kinafundisha bila kuhitaji mwalimu."

Walimu tulipiga makofi.

*

Baada ya sifa zikaja barua. Ya kwanza ilitangaza kwamba kidole gumba cha mkono wa kulia cha Siwema ni miundombinu ya taifa. Ya pili ilimkataza kuosha vyombo, kumenya mihogo, kuchota maji, na hasa kushika tofali, maana tofali hulainisha alama za kidole na kidole kikilainika mradi umekwisha. Ya tatu ilikuwa na glovu moja.

Mama yake alikuja ofisini akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo hata hivyo ilisikika mpaka jikoni.

"Shikamooni walimu. Nimekuja kuuliza. Mtoto gani huyu haoshi hata kikombe? Tangu barua zenu zije nageuza matofali peke yangu, mgongo huu hapa hauinuki."

"Mama Siwema," Mwalimu Tindwa alimwambia kwa upole wa kiofisi, "hicho kidole si chako."

"Cha nani? Nimekizaa mimi."

"Umekizaa, hatukatai. Lakini kimesajiliwa."

Mama alinigeukia mimi, kwa kuwa mtu akikosa jibu kwa Mkuu huligeukia jicho la taaluma. Nilipekua faili lililokuwa tupu. Akasema, "Haya," akaondoka, na nikaona bora angetutukana.

Mwezi wa saba Siwema aliugua malaria. Homa ikiwa juu hivyo, mtoto mwingine angebaki nyumbani akapona. Lakini mfumo ulikuwa unahesabu siku, na mtoto bora nchini hakuweza kukosa siku. Tukahamisha darasa. Watoto wakakaa juu ya matofali ya mama yake, yeye amelala mkekani anatetemeka, wakaitika majibu, nami nikawa namshika mkono na kumbonyezea. Mkono ulikuwa wa moto. Siku hiyo tulipata mia.

*

Alipopona alinisubiri nje ya ofisi nikitoka. Alikuwa amevaa ile glovu.

"Shikamoo mwalimu. Nimebonyeza maswali mangapi mpaka sasa?"

Nilikuwa na takwimu kichwani, kazi yangu ndiyo hiyo. "Elfu tisa na mia nne."

"Na mimi nimejibu mangapi?"

"Yote, Siwema. Yote yako kwa jina lako."

Alitazama chini, akachora kitu mavumbini kwa kidole cha mguu. "Juzi lile la mvua niliona ni A. Darasa likasema D. Nikabonyeza D."

"Na ilikuwa D."

"Ndiyo mwalimu. Lakini kuna siku naona ni D, nao wanasema D, na mimi sijui kama nilikuwa najua au nimesikia. Nataka siku ya mtihani nifanye mwenyewe. Nijue mimi najua nini."

Nilimweleza kwamba ujuzi si mali ya mtu binafsi, kwamba taifa limewekeza, kwamba mtihani wa aliyesajiliwa ni mara moja tu katika maisha na haurudiwi. Nilieleza vizuri sana. Alingoja nimalize.

"Nikipata mia," alisema, "watanipeleka Shule ya Vipaji kule makao makuu. Wenzangu hawaji. Nitazibebaje mia za darasa zima peke yangu? Siku ya kwanza tu wataniuliza hesabu ya Anzuruni. Nikipata zangu, hata ishirini na tano kwa hamsini za kufaulia, nitakwenda sekondari ya kata hapo ng'ambo ya bonde. Nitarudi mchana nimsaidie mama."

Nilitaka kumwambia kwamba amesema jambo la akili kuliko yote niliyoyasikia tangu boksi lile lifunguliwe. Nikamwambia akanywe dawa.

*

Siku ya mtihani shule yetu ilipendeza. Mheshimiwa Waziri alikuwa anakuja mwenyewe, kwa hiyo kwa wiki moja tulipata vitu ambavyo tulikuwa tumeviomba kwa miaka kumi na minne: bati, ngazi, ndoo, na madirisha sita ya mbao kwenye chumba cha darasa la saba, ambacho kabla ya hapo kilikuwa na matundu tu. Chumbani liliwekwa dawati moja. Wasimamizi walikuwa watatu, askari wawili, na muuguzi wa kidole. Nje kulikuwa na turubai, viti vilivyofunikwa vitambaa, mbuzi wanne, na skrini kubwa ya kuonyesha matokeo.

Mwalimu Mkuu hakuwa amelala usingizi. Alijua, kama mimi, kwamba yule mtoto bora nchini hangekuwamo chumbani kama tusingemwingiza. Lakini kanuni za mtihani ziliruhusu nyimbo za kumtia moyo mtahiniwa, na Waziri katika chombo husoma maswali kwa sauti inayovuka uwanja. Basi wale sitini na wawili wa Matarajio wakavalishwa sare, wakapangwa chini ya madirisha, wakaitwa Kwaya ya Kumtia Moyo.

Swali la kwanza likasomwa. Watoto wakanong'onezana, Anzuruni akainua kidole, kwaya ikapokea:

"Tunakuombea, dada yetu, tunakuombea. Ceee, ceee, tunakuombea ceee."

Bwana Fungameza alikuwa anagonga mguu kufuata wimbo. Waziri alimnong'oneza kwamba kwaya ya shule hii ina kitu.

Siwema aliinuka kwenye dawati. Alikwenda kwenye dirisha la kwanza, akamtazama Anzuruni aliyekuwa chini yake, akasema, "Nisamehe," akalifunga. Akafunga la pili. Akafunga la tatu, la nne, la tano na la sita, taratibu, kwa mkono ule ule wenye glovu. Maswali hayakusikika tena nje, na kwaya ikabaki inaimba ubeti ambao haukuwa na herufi ndani yake.

"Likoko, kafungue," Mwalimu Tindwa alisema bila kusogeza midomo.

Nilikwenda mpaka mlangoni. Msimamizi mkuu, mama mmoja mwenye miwani mizito, alinionyesha kitabu cha kanuni. Mtahiniwa anayo haki ya kufunga dirisha akisumbuliwa na kelele. Katika miaka ishirini na saba ya kazi sikuwahi kuona kanuni ikimtetea mtoto, na sikujua la kufanya nayo, nikarudi.

Lakini nilipita kwa nyuma, kwenye ufa wa fremu ambayo fundi hakuimaliza. Siwema alikuwa ameivua glovu. Alikuwa anahesabu kwa vidole vyote kumi, midomo inacheza, akikunja uso, akifuta, akirudia. Mara anabonyeza na Waziri anamwambia bado kidogo. Mara anabonyeza na kutabasamu kabla Waziri hajasema kitu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Nikakumbuka kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nimemfundisha kila mtu kupitia yeye, na yeye sikumfundisha.

Alitoka baada ya saa moja na nusu, jasho limemlowesha kola. "Nimemaliza, mwalimu," aliniambia, kama mtu aliyetua mzigo.

Skrini ikawaka. SIWEMA NGULUMBI. ISHIRINI NA SABA KWA HAMSINI. AMEFAULU.

Kigelegele kilipigwa kimoja, na mama yake. Siwema alimkimbilia, wakakumbatiana pale katikati ya uwanja, udongo wa mama ukamchafua sare yote. Walikuwa wawili tu waliofurahi kati ya watu mia nne, na hawakutambua kwamba wengine wote tumenyamaza.

*

Mheshimiwa Waziri alisimama. Alisimama muda mrefu bila kusema, jambo ambalo kwake ni dharura.

"Ndugu wananchi," alisema hatimaye, "tusikimbilie kulaumiana. Tutumie takwimu, maana takwimu hazidanganyi. Siwema Ngulumbi hupata mia. Amepata mia kwa siku mia mbili na nane mfululizo, akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Aliyeko mbele yetu amepata ishirini na saba. Kwa hiyo, kisayansi, aliyeko mbele yetu si Siwema Ngulumbi."

Watu wakaitika kwa kichwa, kwa kuwa hoja ilikuwa imenyooka.

Tume iliundwa kabla mbuzi hawajaiva. Ilikaa katika ofisi ya Mwalimu Mkuu, mwenyekiti akiwa Bwana Fungameza. Binti alishtakiwa kwa kujifanya Siwema kwa kutumia uso na kidole vinavyofanana na vya Siwema. Aliposema kwamba kishikwambi kilifunguka kwa kidole chake, tume iliandika kwamba hilo ndilo linaloonyesha jinsi udanganyifu ulivyoandaliwa kwa ustadi.

"Huyu ni mwanangu," mama yake alisema. "Nilimzaa mwaka wa mafuriko, mguu wa kushoto ana kovu la tofali. Nimemtambua tangu yuko tumboni, leo nishindwe?"

"Pole sana, mama," Bwana Fungameza alimjibu, na naamini alikuwa na huruma ya kweli. "Uchungu wa kupotelewa unaweza kumfanya mzazi ashike mtoto yeyote. Mwanao atapatikana."

"Kapotea wapi? Si huyu nimemshika mkono?"

Mwenyekiti akaagiza aletewe maji ya kunywa. Kisha akampa binti nafasi ya kujitetea, kwa haki kabisa: ajibu maswali ishirini papo hapo. Akiwa Siwema atapata yote. Alipata kumi na moja, na mimi niliyasikiliza, mengine yalikuwa magumu. Ikaandikwa kwamba amejithibitisha mwenyewe kuwa si yeye.

"Imebaki sauti ya taaluma," alisema mwenyekiti. "Mwalimu Likoko, wewe ndiye uliyemfundisha Siwema. Ni huyu?"

Naomba mnielewe vizuri hapa. Nikisema ni huyu, ataniuliza zile mia zilitoka wapi. Nikisema zilitoka wapi, shule itakuwa na watoto sitini na watatu. Ikiwa na watoto sitini na watatu, utekelezaji hautakuwa asilimia mia, na aliyeandika asilimia mia ndiye aliyekuwa ananiuliza. Mwalimu Tindwa alikuwa anatazama viatu vyake. Nimebakiza miaka sita nistaafu. Nina watoto wanne, nao wako kwenye Matarajio ya shule nyingine. Popote nilipogeuka palikuwa na ukuta, na kwenye kila ukuta pameandikwa sera.

Siwema alikuwa ananitazama. Hakuwa ananiomba. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akilitazama darasa likibishana, anangoja aambiwe abonyeze nini.

"Siwema ninayemfahamu mimi," nilisema, "hupata mia."

Si uongo. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile, nimeichambua neno kwa neno, na haina uongo ndani yake. Bwana Fungameza alinishukuru kwa ushirikiano.

*

Siwema ametangazwa kupotea. Picha yake imebandikwa kwenye kila nguzo ya wilaya, na ni picha nzuri, ile iliyopigwa na kishikwambi siku ya kumsajili. Yeye mwenyewe hupita chini yake akienda bondeni. Mara mbili amekamatwa na wananchi wema, akapelekwa kituoni, na mara mbili polisi wamemrudisha baada ya kujiridhisha kwamba siye. Sekondari ya kata wamemkataa, maana nafasi ya Siwema anawekewa Siwema. Na darasani kwangu hawezi kukaa, kwa kuwa darasa hilo lilikuwa na mtoto mmoja, na huyo amepotea.

Hata hivyo huja kila asubuhi. Kishikwambi hakifunguki bila yeye, na wale sitini na wawili wanarudia mwaka. Tumemwajiri kwa cheo cha Kidole cha Muda. Huweka kidole, darasa linaitika, anabonyeza, na mfumo huko Wizarani unaandika kwamba Siwema Ngulumbi amepata mia. Waziri amewaambia waandishi wa habari kwamba hatujui mtoto yuko wapi, lakini popote alipo, kimasomo anaendelea vizuri.

Mama yake alikuja mara moja tu baada ya hapo. Aliuliza kama sasa anaruhusiwa kumpa tofali. Mwalimu Tindwa akasoma barua upya na kukuta kidole bado ni cha taifa, ingawa mwenye kidole hatambuliwi.

Jana asubuhi, baada ya salamu, Siwema hakwenda moja kwa moja kwenye dawati. Amerefuka. Alisimama mbele ya meza yangu mikono nyuma.

"Mwalimu, zile ishirini na saba ziliandikwa kwa nani?"

Nilifungua rejista, ingawa nilikuwa najua. "Hazina mwenyewe. Wameziweka kwenye safu ya ziada."

"Naomba uniandikie mimi."

"Siwema," nilisema, na hapo hapo nikagundua kwamba nimemwita kwa jina lake, na kwamba mlango uko wazi. Nikashusha sauti. "Haiwezekani. Jina hilo lina mia."

"Basi usiandike jina. Andika tu kwamba kuna mtu alizipata."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Safu ilikuwa mbele yangu, nyeupe, ingechukua maneno matano. Mwalimu Tindwa akapita barazani akikohoa. Nikamwambia Siwema kwamba darasa linasubiri. Akaniangalia kidogo, akaitika, "Ndiyo mwalimu," akaenda akaweka kidole. Nilisimamia somo mpaka mwisho nikitazama ubao, kwa sababu nilikuwa naona aibu, na naiona hata sasa.

Niliahidi kukata uvumi, nami naukata. Mtoto hakupotea. Yale ambayo jana sikuyaandika kwenye rejista nayaandika hapa, na atakayenihitaji kwa maelezo anajua shule ilipo: Siwema Ngulumbi, wa Kilimahuru, ishirini na saba kwa hamsini. Alizipata mwenyewe, madirisha yote yakiwa yamefungwa.